Maswali na Majibu: Siku Moja Mferejini, na Boti Ikiwa Bado Chuma Kitupu

Tangu tuandike juu ya boti nyembamba za mifereji ya Uingereza, barua zimekuja za aina mbili. Wapo wanaotaka kukodi boti kwa siku moja na kurudi nyumbani jioni. Wapo waliokwisha kuonja, na sasa wanataka kuagiza boti mpya na kwenda karakana kuiona inavyoundwa. Tumezichanganya kwa makusudi. Aliyeshika kana (mkono wa kuendeshea boti) siku nzima atajua la kumuuliza fundi, na aliyeiona boti kabla haijafunikwa mbao ataelewa kwa nini ile aliyoikodi ilikuwa nzito kukata kona.

Tuko watu wazima sita na watoto wawili, tunaishi Milton Keynes. Tunataka kukodi boti Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Hakuna kati yetu aliyewahi kuendesha boti. Je, leseni inahitajika? Na tufike wapi?

Anayeendesha hahitaji leseni. Inayohitaji leseni ni boti yenyewe. Mwenye boti huikata kwa Canal & River Trust, shirika linalosimamia takriban kilomita 3,200 za mifereji na mito ya England na Wales tangu mwaka 2012, na hapewi bila bima na cheti cha usalama. Ninyi mtafundishwa kwa nusu saa hivi kabla ya kukabidhiwa. Asiondoke gatini mtu ambaye hajaonyeshwa kuzima injini, kufunga breki ya rafadha (panga la chini ya maji linalosukuma boti) kwa maana ya kurudisha gia nyuma, na mahali jaketi okozi zilipo. Watoto wavae jaketi kuanzia wanapokanyaga gati, si boti ikishaondoka.

Hesabu ya safari ni rahisi. Jumlisha maili na loki, gawanya kwa 3, utapata saa. (Loki ni chumba cha maji chenye milango mbele na nyuma, kinachopandisha au kushusha boti, tutaieleza chini.) Mna saa nane. Toa saa moja ya mafunzo na makabidhiano, toa saa moja ya chakula, na nyingine iwe akiba, kwa sababu boti inayochelewa kurudi hutozwa. Zimebaki tano, yaani maili na loki 15 kwenda na kurudi. Mna bahati ya mahali: mfereji wa Grand Union, kutoka loki ya Cosgrove hadi ile ya Fenny Stratford, una takriban maili 11 bila loki hata moja. Mkianzia karibu na Cosgrove, nendeni kusini mpaka Great Linford, mle, mrudi. Mtavuka mto Great Ouse juu ya daraja la maji la chuma lililofunguliwa mwaka 1811, baada ya lile la matofali lililolitangulia kuporomoka mwaka 1808. Kabla ya kuondoka tieni alama kwenye ramani kila mahali pa kugeuzia. Mfereji ni mwembamba kuliko urefu wa boti sehemu nyingi. Ukipita pa kugeuzia bila kujua, huenda ukaenda maili mbili zaidi kutafuta pengine. Wakati wa kugeuza, ingiza omo (mbele) kwenye ile kona iliyochimbwa ukingoni, na tezi (nyuma) ibaki katikati kwenye kina, kwa sababu rafadha iko huko.

Sasa kana, yaani ule mkono wa kuendeshea. Ukiisukuma kulia, omo inakwenda kushoto. Aliyekulia kwenye mashua hana la kujifunza hapa. Aliyezoea gari atakosea kwa nusu saa ya kwanza. Kinachowaponza wote ni kwamba boti haigeuki kwa mbele kama gari. Inazunguka kwenye kiuno chake, hivyo omo ikienda kushoto tezi inachomoza kulia. Ndiyo sababu kuta za madaraja zimejaa michubuko ya rangi: mtu anaona omo imepita salama, anakata kona mapema, na ubavu wa nyuma unagonga. Subiri mpaka wewe mwenyewe, uliyesimama tezini, upite chini ya daraja.

Usukani unapata nguvu kutokana na maji yanayorushwa na rafadha. Ukitoa gia, boti inateleza tu na kana haina kazi. Ukirudi nyuma, karibu huna usukani kabisa. Kwa hiyo ukiona kona kali, usitoe gia. Punguza mapema, kisha kwenye kona yenyewe ongeza moto kidogo ili usukani ushike. Breki ni gia ya nyuma, na boti ya tani kumi haisimami mara moja. Asithubutu mtu kuisukuma kwa mguu au mkono isigonge ukuta. Boti ikigonga itapata mchubuko. Mguu utakaobanwa katikati utavunjika.

Mnapishana kushoto kwa kushoto, yaani kila mmoja anashika kulia. Ni kinyume cha barabara za Uingereza, na za Kenya na Tanzania pia, hivyo mkumbusheni anayeendesha. Mwendo wa juu ni maili 4 kwa saa (kilomita 6.4), lakini kipimo cha kweli ni wimbi lenu: likivunjika ukingoni, punguzeni. Mfereji una maji kidogo chini na pembeni. Boti ikisukumwa kwa nguvu, maji hayapati pa kupita kurudi nyuma, tezi inadidimia, na mnachoma dizeli bila kwenda mbele. Mkipita boti zilizofungwa, punguzeni mpaka mwendo wa mtu anayetembea polepole, mkianza urefu wa boti moja kabla ya kuzifikia. Mvuto wa maji yenu unang'oa vigingi vyao.

Mkija kutamani zaidi siku nyingine, nendeni Wales, mfereji wa Llangollen, mvuke Pontcysyllte: daraja la maji la mwaka 1805, urefu mita 307, mita 38 juu ya mto Dee. Upande mmoja kuna njia ya miguu na uzio. Upande wa pili hakuna kitu ila ukingo wa chuma wa karai lenyewe, kisha hewa. Hapo watoto wakae ndani, na pasiwe na mjadala.

Sisi tunataka kupanda loki saba za Stoke Bruerne. Tufanyeje hatua kwa hatua, na hatari iko wapi hasa?

Hesabuni robo saa kwa kila loki, na watu wawili ukingoni mbali na mwendeshaji. Loki hizo ni pana, zinaingia boti nyembamba mbili ubavu kwa ubavu. Mkikuta boti nyingine inayopanda, ingieni pamoja: mtagawana kazi, na maji takriban lita 250,000 yanayoshuka kwa kila loki yatakuwa yamebeba mbili badala ya moja.

Kupanda: loki iwe tupu, milango ya chini iko wazi. Boti inaingia na kukaa upande mmoja. Fungeni milango ya chini, shusheni vilango vyake vyote. Vilango ni vile vibao vinavyofungua na kuziba matundu ya maji. Vinazungushwa kwa hendeli ya loki mliyopewa pamoja na boti. Kamba ya katikati izungushwe mara moja kwenye kigingi cha juu na mtu aishike mkononi, asiifunge fundo. Kisha nendeni juu mkafungue kilango cha ardhini (kilicho ukingoni, si kwenye mlango) cha upande uleule boti ilipo, nusu kwanza. Maji yanapita chini ya boti, yanagonga ukuta wa pili, yanarudi na kuibana boti kwenye ukuta wake. Mkianza na upande wa pili, mtaisikia ikirushwa huku na huko. Baada ya boti kutulia, fungueni kilichobaki. Kama mlango wa juu una vilango kwenye mbao zake, hivyo vingoje mpaka matundu yake yazame. Ukivifungua mapema, maji yanamwagikia omoni na kuingia ndani.

Mlango haufunguki mpaka maji yawe sawa pande zote. Wageni husukuma mapema na kuchoka bure. Egemeza kiuno kwenye gogo la mlango, miguu kwenye matofali yaliyoinuliwa, na ungoje. Maji yakiwa sawa utausikia mwenyewe ukilegea.

Kushuka ndiko kwenye hatari kubwa. Chini ya milango ya juu kuna kizingiti cha zege au mawe kinachotokeza ndani ya loki, na loki ikijaa hukioni. Boti ikikaa nyuma mno, maji yanaposhuka tezi inabaki imekalia kizingiti na omo inazama. Boti zimepotea hivyo, na ni suala la dakika mbili. Ukutani kuna mstari mweupe unaoonyesha kizingiti kinapoishia: tezi, pamoja na usukani wake, iwe mbele ya mstari huo muda wote, na mwendeshaji asimame kwenye kana, asiingie ndani kupika chai. Ukiona tezi imenasa, piga kelele. Wa chini afunge vilango vya chini papo hapo; hivyo vikishafungwa ndipo wa juu afungue vya juu polepole boti ielee tena. Mfundisheni kila mtu mpangilio huo kabla ya loki ya kwanza.

Jambo la mwisho hapa ni hendeli. Isiachwe kwenye mhimili hata kwa sekunde. Jino linalozuia gia likiteleza, kilango kinaanguka kwa uzito wake na hendeli inazunguka kwa kasi ya kuvunja taya. Ikikutoka mkononi usiifuate. Rudi nyuma, iache.

Injini inaunguruma lakini boti haiendi, na nyuma kunatoka moshi mweusi.

Rafadha imekamata kitu: mfuko, kamba, wakati mwingine godoro au nguo. Jaribu kurudi nyuma kwa sekunde chache. Kama hakuna mabadiliko, sogea ukingoni kwa upondo, funga kamba, zima injini na utie ufunguo mfukoni mwako. Si kwenye meza, mfukoni. Chini ya mbao za tezini kuna kifuniko cha kusafishia rafadha. Kifungue, ingiza mkono wenye glavu nene na kisu kikali, kata na utoe kila kitu ndani ya boti, usirudishe majini. Kisha funga kifuniko kwa kukaza sawasawa, washa injini, tia gia dakika moja huku umefungwa, na uangalie kama maji yanavuja. Kifuniko kilicholegea kinaruhusu rafadha kumwaga maji kwenye chumba cha injini haraka kuliko pampu inavyoyatoa.

Mimi ni mvuvi wa Zanzibar, nimeona picha za boti hizi kwa ndugu yangu. Kwa nini nyembamba hivyo? Na ikiletwa huku, itavuka mkondo wa Zanzibar?

Mzee wetu, haitavuka. Chini ni bapa, haina mkuku. Matundu ya hewa na ya moshi yako karibu na maji. Boti hizi huundwa kwa maji yaliyokingwa, kwa kundi la usanifu linaloruhusu mawimbi ya kawaida ya sentimita 30 hivi. Kusi la siku moja lingetosha kuimaliza.

Wembamba wake ulianza na mfereji wa Trent and Mersey, uliochimbwa kati ya 1766 na 1777, ukianzishwa na mhandisi James Brindley, aliyefariki mwaka 1772 kabla haujakamilika. Kulikuwa na kilima cha Harecastle cha kutoboa handaki refu, na kila futi ya upana ingeongeza gharama. Loki zikafanywa za upana wa futi 7 na urefu wa futi 72 hivi, na mifereji mingi ya katikati ya nchi ikafuata kipimo hicho. Ndiyo maana mpaka leo boti inaundwa kwa upana wa futi 6 na inchi 10 (mita 2.08), ili iteleze bila kubanwa.

Nimealikwa karakana moja kuiona boti ya futi 57 ninayotaka kuagiza ya aina hiyo. Niangalie nini? Mimi si fundi. (Msomaji, Leicester)

Dada, kwanza uliza boti utakayoonyeshwa imefikia wapi. Ukionyeshwa iliyokamilika, yenye jiko linalong'aa na kitanda kimetandikwa, utakuwa umeona useremala tu. Omba siku ambayo ganda limekamilika na povu la kuzuia baridi bado halijapulizwa. Hiyo ni wiki moja au mbili tu katika maisha yote ya boti ambapo chuma kinaonekana ndani na nje. Kila tunaloeleza hapa chini litakuwa limefunikwa baada ya hapo. Vaa viatu vigumu, chukua tochi na rula ndefu ya chuma.

Futi 57 ni chaguo zuri. Loki za baadhi ya mifereji ya kaskazini ni fupi, na kwa urefu huo utapita karibu kila mahali.

Utasikia wakisema "kumi, sita, tano, nne". Hizo ni milimita: sakafu 10, ubavu 6, kuta za chumba 5, paa 4. Ndio mpangilio wa kawaida kwa boti nzuri ya sasa. Omba kuona hati za chuma kutoka kiwandani. Sakafu kwa kawaida hutokeza nje ya ubavu kidogo, kama sentimita mbili. Huo ukingo ndio unaokwanguliwa na kuta kabla mshono haujafikiwa, usiwaruhusu waukate kwa ajili ya urembo.

Piga magoti, piga tochi kwenye mshono kati ya sakafu na ubavu. Uchomeleaji uwe nje na ndani pia, utepe mmoja usiokatika. Vishimo vidogo kama vya mkate, au mfereji uliolika pembeni ya mshono, vinamaanisha moto ulikuwa mwingi au mkono ulikuwa na haraka. Kisha simama omoni, funga jicho moja, tazama ubavu kuelekea tezini. Mawimbi mepesi kila baada ya nusu mita ni mahali pembe za chuma zilipochomelewa kwa ndani. Hizo ni kama mataruma ya jahazi. Mawimbi madogo hayadhuru boti, ila yanakuambia joto lilidhibitiwa vipi, na rangi nyeusi ya kung'aa itayaonyesha milele.

Gusa chuma chenyewe. Kama kina ngozi ya rangi ya buluu-kijivu, laini kama kioo, hiyo ni ngozi ya kiwandani iliyotokana na kupitishwa kwenye rola kikiwa cha moto. Wengi huipaka lami juu yake, na hilo ni kosa ambalo tungependa kila mnunuzi alikatae. Ngozi hiyo hubanduka vipande vipande, na kwenye maji chuma kilichobaki wazi hugeuka kuwa mahali pekee kutu inapokula: badala ya kulika sawasawa, kinatoboka vishimo. Dawa ni kupigwa changarawe za chuma kwa hewa mpaka kiwe kijivu kisichong'aa, na kupakwa rangi siku hiyohiyo kabla unyevu haujakishika. Inaongeza gharama. Ukilazimika kuchagua kati ya hiyo na sakafu ya mbao ngumu jikoni, chagua hiyo.

Nenda tezini, uchuchumae. Chini ya maji, nyuma ya boti huchongoka taratibu kuelekea rafadha. Mchongoko mrefu unaipa rafadha maji safi. Mfupi unaongeza nafasi ndani, lakini boti inakuwa nzito kwa usukani na haisimami vizuri. Hapa utaikumbuka ile siku yako ya kukodi. Tikisa usukani: uwe mwepesi, na kipande kidogo cha ubapa wake kiwe mbele ya mhimili ili kana isikuchoshe mkono. Kifuniko cha kusafishia rafadha kiwe na shingo ndefu, angalau sentimita 15 juu ya usawa wa maji boti ikiwa imepakia.

Ndani ya ule mchongoko utaona kisanduku bapa kimechomelewa ubavuni. Hilo ni tangi la kupozea injini: maji ya injini yanazunguka humo, na mfereji ulio upande wa pili wa chuma unayapoza. Kanuni ni kugawa nguvu-farasi kwa 4 upate futi za mraba. Injini ya nguvu-farasi 40 inahitaji futi 10, karibu mita ya mraba moja. Uliza kama ndani kuna vibao vya kuyazungusha maji, na kama juu kuna skrubu ya kutolea hewa. Tangi dogo huwezi kulijua mferejini, ambako injini haifanyi kazi hata nusu ya uwezo wake. Utalijua siku umeingia mtoni, mkondo unakusukuma nyuma, na sindano ya joto inapanda.

Kagua njia ya maji. Mbao au pembe za chuma zinazobeba sakafu ziwe na matundu chini ili tone lolote lifike tezini, na pawe na kidirisha cha kukagulia nyuma ya chumba. Ndani ya boti iliyokamilika, maji ya bomba linalovuja yanaweza kukaa miaka bila mtu kujua.

Juu ya sakafu ya chuma hupangwa farumi: matofali mazito, vigae vya zege au vyuma. Boti hizi ni kama maboksi marefu, bila uzito chini zingeelea juu mno na kuyumba. Farumi isilale moja kwa moja kwenye chuma. Iinuliwe kwa vibanzi ili hewa ipite. Na isifungwe yote mapema. Boti ikishawekwa jiko, mashine ya kufulia na tangi la maji la lita mia tano omoni, italalia upande, na fundi mwenye akili huwa ameacha nafasi ya kusawazisha.

Mwisho, muulize lini kazi yote ya kuchomelea itakwisha. Jibu liwe moja: kabla ya povu. Povu hilo hupulizwa unene wa milimita 25 hadi 40, na ni zuri kuliko mbao za polistirini kwa sababu haliachi mwanya wa hewa yenye unyevu kugusa chuma baridi. Lakini cheche ikiligusa linawaka na kutoa moshi wa sumu. Ukisikia "vishikio vya paa tutachomelea baadaye", waambie wavichomelee sasa. Likishapulizwa, rudi tena uangalie kama limefunika na zile pembe za chuma. Zikiachwa wazi, kila pembe itatoa jasho wakati wa baridi na plaiwudi itaota ukungu kwa mistari. Kama watatumia polistirini, nyaya za umeme ziwe ndani ya bomba, kwani polistirini huharibu ganda la plastiki la nyaya, likawa gumu na la kupasuka.

Wananitaka nilipe nusu ya bei kabla hata chuma hakijakatwa. Ni sawa?

Si sawa. Karakana zimewahi kufilisika zikiwa na boti zilizolipiwa, na mnunuzi akajikuta mdai wa mwisho kwenye foleni. Kubali amana ndogo, kisha ulipe kwa hatua: ganda, povu na mbao, injini na umeme, kukamilika. Mkataba useme wazi kwamba kila hatua ikilipwa, kazi na vifaa vya hatua hiyo ni mali yako hata vikiwa bado karakanani. Mkataba wa kawaida wa British Marine una kifungu hicho. Usitie saini ulio dhaifu kuliko huo. Namba ya utambulisho ya boti ichongwe kwenye chuma na iandikwe kwenye kila risiti. Mlipe mkaguzi wako mwenyewe, asiyetoka karakanani, aje kabla ya malipo ya ganda. Na asilimia kama kumi ibaki mikononi mwako mpaka majaribio majini yapite.

Chuma kinapakwa lami mara ngapi? Na yale mapande ya chuma yaliyochomelewa chini ya maji ni ya nini?

Lami kila baada ya miaka 2 hadi 3, boti ikiwa chelezoni: osha kwa maji ya kasi, acha ikauke kabisa, paka mara mbili au tatu, na uzidishe pale maji na hewa vinapokutana, kwa kuwa ndipo panapolika zaidi. Rangi ya epoksi hudumu zaidi lakini inataka chuma kilichosafishwa kabisa. Karakana nyingi haziipaki sakafu kwa chini. Sisi tunasema ipakwe, maana boti mpya ndiyo wakati pekee ambapo ni rahisi.

Yale mapande ni anodi, zinazoliwa ili chuma cha boti kisiliwe. Maji baridi yanataka magnesi. Zinki ni ya bahari. Kawaida ni mbili omoni na mbili tezini, na zisipakwe lami, zikipakwa hazifanyi kazi. Kama utachomeka umeme wa gatini, funga kizuizi cha galvani kwenye waya wa ardhi. Bila hicho, waya huo unaziunganisha boti zote za gati hiyo, na anodi zako zitakuwa zinalinda chuma cha majirani mpaka ziishe.

Tutaishi humo na watoto. Jiko la kuni na makaa lina hatari gani?

Ileile ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kule nyumbani, na boti ni chumba kidogo zaidi. Matundu ya hewa yasizibwe hata baridi ikizidi. Kamba ya mlango wa jiko na dohani vikaguliwe kila msimu. Ving'ora vya kaboni monoksidi ni lazima kwa ukaguzi wa usalama wa boti tangu Aprili 2019. Weka kimoja karibu na jiko na kingine chumba cha kulala. Ukaguzi huo ni wa kila miaka 4, na boti mpya yenye tamko la ulinganifu husamehewa minne ya mwanzo. Mitungi ya gesi ikae kwenye kabati lake lisilopitisha maji wala hewa kuingia ndani ya boti, lenye tundu chini kabisa linalotoka nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja inashuka kama maji, na isipopata njia ya kutoka itajikusanya chini ya sakafu.

Boti yetu inaingia majini mwezi ujao. Wiki za kwanza tuangalie nini?

Siku ya kuingizwa majini, kabla crane haijaachia mikanda, mtu awe ndani na tochi kwenye glandi ya rafadha (kizibo cha mahali mhimili wa rafadha unapotoka nje ya boti), kifuniko cha kusafishia na kila bomba linalotoboa ubavu. Glandi ya kawaida inaruhusiwa kudondosha tone moja moja rafadha ikizunguka, lakini ukisimama ikauke: zungusha kishikio cha grisi kila jioni mpaka uhisi kinakaza. Ikiendelea kudondosha baada ya hapo, kaza nati zake mbili sawasawa, robo mzunguko kwa robo mzunguko, kisha gusa mrija wa glandi hiyo baada ya nusu saa ya safari. Uwe wa uvuguvugu. Ukiwa wa moto umekaza mno.

Kila asubuhi angalia oili, maji ya kupozea na mkanda wa jenereta. Maji ya kupozea yatapungua siku mbili tatu za mwanzo hewa inapotoka kwenye tangi la ubavuni. Fungua ile skrubu, ongeza, funga. Baada ya saa 50 za injini fanyeni sevisi ya kwanza: oili, filta zake, na kukaza bolti za miguu ya injini, ambazo hulegea injini ikishakaa mahali pake. Siku hiyohiyo pimeni tena mlalo wa boti ikiwa imejaa maji na vitu vyenu vyote, ndipo mwiteni fundi aje kumalizia farumi.